Lori Likivuka Thuci, Ni la Nani?

Watu husema Meru na Embu ni majirani. Hata mimi husema hivyo, maana ni rahisi kuliko kuanza kueleza. Lakini hebu panda matatu pale Embu mjini, pita Runyenjes, na muda si muda utavuka mto unaoitwa Thuci. Ng'ambo ya Thuci si Meru. Ni Tharaka Nithi. Utapita Chuka, utateremka hadi daraja la Nithi roho ikiwa mkononi, utapanda mlima tena, na ni baada ya hapo ndipo utaingia Meru na kufika Nkubu. Hata Katiba imezipanga kaunti hizi kwa mfuatano huo: Meru ni nambari 12, Embu ni nambari 14. Kuna 13 katikati.

Hiyo ni hesabu ya chekechea, najua. Lakini swali langu linaanzia hapo. Kutoka Embu hadi Meru ni kama kilomita 130 za lami, na lami hiyo inabeba malori usiku na mchana: ya saruji, ya mafuta, ya mchanga, ya mbao, ya ndizi. Lori likipakiwa kaunti moja, likapita ya pili, likashusha mzigo kaunti ya tatu, ni nani anadaiwa kwa kile linachokiacha njiani? Simaanishi mzigo. Namaanisha lami iliyobonyea, matope yanayorushwa kwenye vibanda, harufu ya breki zilizochoka kwenye mteremko, na mara nyingine, watu.

Naandika kama mtu ambaye barabara hii imemlea. Mama yangu anauza ndizi na avokado kando ya lami, upande wa Tharaka Nithi. Wateja wake wakubwa ni madereva wa malori. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma, na sasa nalipia chumba changu Embu kwa kuandikia watu maelezo ya bidhaa ambazo sijawahi kuzishika. Lakini ule mwaka na nusu niliosoma, sehemu ya karo ilitoka kwenye mifuko ya madereva hao. Kwa hivyo usinisome kama mtu anayechukia malori. Nimekula mkono wao.

Kisheria, jibu la swali langu ni jepesi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa barabara kuu za nchi, na linazipa kaunti barabara za kaunti. Barabara yetu ni barabara kuu, na anayeisimamia ni KeNHA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya barabara ya 2007. Gavana yeyote kati ya wale watatu akiulizwa kuhusu shimo lililo mbele ya soko lake, anaweza kusema, "Hiyo si yangu," na atakuwa amesema kweli. Na kama kuna kitu kinachompa kiongozi usingizi mzuri, ni kuambiwa kwamba jambo fulani si kazi yake kisheria.

Shida ni kwamba ukweli huo unaishia kwenye ukingo wa lami. Soko lililo kando ni la kaunti. Maegesho ni ya kaunti. Taa za mtaani ni za kaunti. Leseni ya kibanda cha mama ni ya kaunti. Na ile ada inayotozwa mzigo, ambayo kila mtu barabarani anaiita sesi, ni ya kaunti. Barabara ni ya taifa, sawa, lakini karibu kila kitu kinachosimama kando yake kina risiti ya kaunti.

Kuna dereva mmoja wa lori la mchanga, mtu wa makamo, ambaye hupenda kusimama kwa mama. Siku moja nilimuuliza zile risiti amezipanga mbele ya kioo ni za nini. Akacheka. "Kijana yangu, hizi ni pasipoti. Kila kaunti inataka kujua nimebeba nini. Bado sijapata inayouliza nimebeba kiasi gani."

Maneno hayo yamenikaa kichwani kuliko mihadhara yote niliyowahi kuhudhuria. "Nini" ni swali la mtoza ushuru. Mchanga ni bei hii, ndizi ni bei ile, lipa upite. "Kiasi gani" ni swali la mtu anayejali kitakachotokea lori likishapita. Na ukiangalia jinsi barabara inavyokufa, utaona kwamba "kiasi gani" ndilo swali zima.

Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga barabara za majaribio zinazozunguka kama uwanja wa riadha, wakawapa wanajeshi malori wayaendeshe humo mchana na usiku hadi lami ivunjike. Walichokiona hutumiwa na wahandisi wa barabara hadi leo: uharibifu haupandi sambamba na uzito. Unapanda kwa takriban kipeo cha nne. Chukua kalamu. Ekseli ya gari dogo inabeba kama nusu tani. Ekseli ya lori ikibeba tani 10, ni nzito mara 20. Lakini uharibifu wake si mara 20. Ni 20 mara 20 mara 20 mara 20, yaani mara 160,000.

Sasa fikiria mwenye lori aliyeamua kuongeza kidogo tu. Ekseli ilikuwa tani 10, ameifanya 12. Yeye amepata faida ya tano moja zaidi. Barabara imepata kipigo cha zaidi ya mara mbili. Faida inaingia mfuko mmoja. Kipigo kinagawiwa kila mtu atakayepita hapo baadaye, akiwemo mtu wa boda aliyebeba mgonjwa. Na barabara hiyo tunailipia sote: tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inakatwa shilingi 25 za kutunza barabara, kutoka shilingi 18 za awali. Mama yangu hana hata baiskeli, lakini akipanda boda kwenda kanisani amechangia.

Hapa ndipo jambo linakuwa la maadili, na ndipo watu huanza kujitoa mmoja mmoja. Mwenye lori anasema, "Lori langu moja haliwezi kuua barabara." Dereva anasema, "Mimi nimetumwa." Kaunti ya kwanza inasema, "Sisi tulitoza ada tu." Ya pili inasema, "Lilikuwa likipita." Ya tatu inasema, "Lilifika tayari limejazwa." Ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja ana hoja. Ukiwaweka pamoja, barabara imekwisha na hakuna aliyeimaliza.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha 1984, aliwaza kuhusu watesaji elfu moja. Kila mmoja anabonyeza kitufe kinachoongeza maumivu kidogo mno kwa kila mfungwa, kidogo kiasi kwamba mfungwa hawezi kuhisi tofauti. Wote wakishabonyeza, wafungwa wako kwenye mateso makali. Muulize mtesaji yeyote, atakwambia kwa moyo safi kwamba hakumuumiza mtu. Parfit alisema hesabu hiyo ni ya uongo: tendo linaweza kuwa baya kwa sababu ni sehemu ya matendo ambayo kwa pamoja yanaumiza, hata kama peke yake halionekani. Kitabu chake ni kinene. Wahenga wetu walisema bandu bandu huisha gogo, wakaenda zao.

Mimi ningeongeza jambo moja ambalo methali haikuhitaji kulisema kwa sababu enzi hizo kila mtu alikuwa na shoka la ukubwa mmoja. Kwenye barabara yetu mashoka hayalingani. Kuna anayebandua kwa kisu cha mboga na kuna anayebandua kwa msumeno wa injini. Kwa hivyo tukisema "sote tunahusika," tusiseme kwa ile sauti ya kumaliza mjadala. Sote tunahusika, lakini si sawasawa. Kuna aliyepakia, kuna aliyepata faida, na kuna aliyepokea pesa akafungua kizuizi.

Huyo wa mwisho ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo.

Mtu akipokea pesa, kuna kitu amekubali. Mama akipokea hamsini za ndizi, amekubali kwamba ndizi ni nzima. Dereva akirudi kesho aseme ilikuwa imeoza ndani, mama hawezi kumjibu, "Hiyo iliozea kaunti nyingine." Basi kaunti ikikata risiti ya lori, imekubali nini? Mimi nasema imekubali kwamba imeliona. Ililisimamisha. Ilikuwa na nafasi ya kuuliza "kiasi gani," ikauliza "nini" pekee. Mtu aliyeona, akaruhusu, akalipwa, hawezi kuwa mtazamaji eti kwa sababu madhara yametokea ng'ambo ya mto. Mpaka unaamua nani ana mamlaka. Hauamui nani ana deni.

Najua kuna atakayesema hayo ni mashairi, kaunti ni ofisi, haina dhamiri. Lakini kaunti zetu zinajua sana kuzungumza lugha ya haki zikiwa ndizo zinazoumizwa. Kumbuka Mei 2024. Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa kaunti yake, akitaja afya ya vijana na watoto. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Huku Embu, ambako muguka ndio ada ya shule kwa familia nyingi za Mbeere, watu waliwaka. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo kwa muda, na rais akatangaza kwamba hayana nguvu. Hoja ya upande wetu ilikuwa moja: kaunti haiwezi kuifungia kaunti nyingine njia. Hata Katiba, kifungu cha 209(5), inasema kaunti isitoze kodi kwa namna inayoathiri shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au usafiri wa bidhaa nchini.

Hoja hiyo naikubali. Wale wakulima ni watu ninaowajua. Lakini hoja ikishatamkwa, huwezi kuitumia ukielekea baharini kisha uisahau ukielekea nyumbani. Ukisema barabara ni yetu sote kwa hivyo mzigo wangu lazima upite, umesema pia kwamba anayekaa kando ya njia hiyo ni mwenzako. Haki ya kupita inazaa wajibu wa kutoharibu unakopita. Meru inataka miraa yake ifike Nairobi ikiwa mbichi, na pikapu zake zinapita Chuka kwa kasi ambayo mtoto wa shule haipimi kwa macho. Embu inataka muguka wake ufike Pwani. Sawa kabisa. Basi tuambiane pia tunachodaiwa na wale tunaowapitia.

Tena sitaki kumpaka nambari 13 asali. Tharaka Nithi nayo inakata sesi. Mchanga mwingine unachotwa kwenye mito yake yenyewe, na malori yanayoondoka nao yanakwenda kuchosha lami ya Embu. Kuwa katikati hakumfanyi mtu kuwa malaika. Kunamfanya tu asiweze kujifanya haoni, kwa sababu kila kitu kinapita mbele yake.

Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lilikuwa basi, si lori, na sitaki kulibebesha lori lawama isiyo yake. Lakini mteremko ni uleule ambao malori huteremka yakiwa yamejaa, na kona ni zilezile. Ninachokumbuka zaidi ni habari za wenyeji walioshuka bondeni kuwatoa watu, na majeruhi kupelekwa hospitali ya Chuka. Abiria walikuwa wa Meru, safari ilikuwa ya Pwani, mikono iliyowabeba ilikuwa ya Tharaka Nithi. Pale chini mtoni hakuna aliyeuliza majeruhi ni wa kaunti gani kabla ya kumshika. Kwa hivyo hili ninalolidai si wazo geni lililoletwa kutoka vitabuni. Watu wa kawaida hulitenda ajali ikitokea. Swali ni kwa nini ofisi zetu zisubiri ajali.

Hapa msomaji makini ataniuliza: unataka gavana afanye nini na barabara isiyo yake? Swali zuri. Sitaki aweke mizani yake katikati ya barabara kuu. Tukifika huko tutakuwa na kizuizi kingine na pasipoti nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina sheria ya uzani wa magari, na kikomo chake cha juu ni tani 56. Kama nchi nzima nzima zimeweza kukubaliana kuhusu namba moja, kaunti tatu zinazokunywa maji ya mlima mmoja haziwezi kusema jambo hili ni gumu.

Kaunti ina nguvu kabla lori halijaingia barabarani. Mchanga unachotwa kijijini, si kwenye barabara kuu. Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia, ikaonyesha kwamba kaunti inaweza kusema nani achote, wapi na kiasi gani. Kumbe swali la dereva wetu linaweza kuulizwa pale pale sepetu inapochota. Lori likijazwa kupita kiasi, lisipewe risiti ya kutoka. Hapo halihitaji kukimbizwa na askari hadi Runyenjes.

Na kukaa meza moja kunaruhusiwa. Kifungu cha 189 cha Katiba kinasema serikali za kaunti zitashirikiana, na kwamba zinaweza kuunda kamati za pamoja au mamlaka za pamoja. Kaunti zote tatu tayari ni wanachama wa muungano wa kiuchumi wa kaunti za Mlima Kenya na Aberdare. Kwa hivyo viti vipo. Ningependa kuona Meru, Tharaka Nithi na Embu zikikubaliana mambo matatu tu. Moja, ada ya mzigo ilipwe mara moja, pale unapopakiwa, na izingatie uzito. Mbili, sehemu ya pesa hizo ifuate lori hadi kule linakopita: itengeneze maegesho ya kupoza breki kabla ya mteremko, taa sokoni, na nafasi ya vibanda kusogezwa mbali na lami bila mwenye kibanda kufukuzwa. Tatu, ziende kwa KeNHA pamoja. Barua moja yenye sahihi tatu ni nzito kuliko barua tatu zinazolaumiana.

Nimesikia pia hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Ukibana uzito, safari zinaongezeka, gharama inapanda, na bei ya mfuko wa saruji Meru inapanda nayo. Ni kweli. Lakini gharama hiyo ipo hata sasa. Inalipwa tu na watu wasioandikwa kwenye risiti. Inalipwa na mwenye matatu anayebadilisha shokomzoba kila mara. Inalipwa na mama mjamzito anayerushwa kwenye mashimo. Tukiiweka kwenye bei ya saruji, angalau itaonekana, na anayejenga ghorofa ataichangia zaidi ya anayejenga choo.

Mtu atakayeniuma sikio zaidi ni mama. Nilipomwelezea haya yote, nilidhani ataniambia nisiwaguse wateja wake. Yeye aliendelea kupanga ndizi zake, kisha akasema, "Hao waliojaza sana si wateja wangu. Lori likijazwa hivyo halisimami hapa mlimani. Likisimama, kuondoka tena ni kazi. Wanapita tu wakinguruma, vumbi ndilo wananiachia."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama hana mizani wala digrii, na mimi mwenyewe yangu sikuimaliza, lakini amekaa pale miaka akipima malori kwa kipimo chake: lenye uzito wa haki linaweza kusimama, dereva akashuka, akasalimia, akanunua, akaondoka. Lililozidi haliwezi kumwona mtu yeyote njiani hata likitaka. Sidhani Parfit angelisema vizuri zaidi.